Majina sita kwenye orodha: ajali ya kinu cha unga, Lubumbashi

Umeme ulirudi saa nne na dakika kumi usiku. Dakika hiyo imo katika daftari la mlinzi wa lango, mzee mmoja mwenye tabia ya kuandika kila kitu, hata mbwa akipita. Ulikuwa umekatika tangu saa kumi na moja jioni, na kapita (msimamizi wa zamu) aliwaambia vijana wasikae bure: waitumie nafasi hiyo kusafisha mkanda wa kinu cha pili, uliokuwa unateleza kwa unga ulioganda. Mmoja wao alipanda kwenye fremu, simu yenye taa ameibana kwa meno, mkono wa kulia ameupenyeza kati ya mkanda na puli, anakwangua kwa kipande cha bati. Mashine ilikuwa kimya, ila hakuna aliyeizima. Swichi ilikuwa juu vilevile ilivyoachwa saa kumi na moja. Umeme uliporudi, kinu kiliamka chenyewe.

Kidole cha shahada na cha kati viliondoka palepale. Ncha ya kidole cha pete daktari aliikata alfajiri.

Hayo yalitokea Kampemba, upande wa viwanda, Aprili 2024. Mwaka huo mahindi yalikuwa ya shida. Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa mwishoni mwa Februari, malori ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, yakapungua, na mwenye kinu aliyebahatika kupata shehena aliisaga saa yoyote umeme uliporuhusu. Ndiyo maana watu walikuwa kazini usiku ule.

Kijana mwenyewe nitamwita Baba Mapasa, kama majirani zake wa Katuba wanavyomwita, maana ana mapacha. Alikuwa ameanza kazi pale Februari 2023, miezi kumi na minne kabla ya ajali. Analipwa franga 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, na pesa zinaingia kwenye simu kila Jumamosi kwa M-Pesa. Mkataba wa maandishi hana. Pale kiwandani anaitwa jurnalie, mtu wa kutwa.

Na mimi ni nani katika habari hii? Nashika hesabu za biashara ndogondogo mjini, na kinu hicho ni kimoja kati ya hizo. Kila mwezi, kabla ya tarehe 15, mimi ndiye ninayejaza fomu ya mishahara ya mwezi uliopita: kodi ya mshahara, CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), INPP (mafunzo ya ufundi), ONEM (ofisi ya ajira). Kwetu tunasema kudeklare. Fomu ya kinu ilikuwa na majina sita: patroni mdogo, katibu, kapita, dereva, fundi wa mashine na mlinzi. Watu waliokuwa wakitoka jasho mle ndani, ukihesabu zamu zote, walikuwa thelathini na mmoja. Nilijua. Nilipewa majina sita nikaandika sita, na kwa miezi mingi nililala usingizi mzuri tu.

Patroni mwenyewe, yaani mwenye kinu, si mtu mbaya, na nalitaja hili mapema kwa sababu visa vya namna hii husimuliwa kana kwamba kila mwajiri ni fisi. Usiku uleule alimpeleka Baba Mapasa hospitali kwa gari lake. Alilipa dola 640 za upasuaji, dawa na kitanda. Kila baada ya wiki mbili alituma mfuko wa unga wa kilo 25 nyumbani kwa mgonjwa. Wiki ya tatu alituma pia karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwamba Baba Mapasa anapokea dola 300, kwamba ameridhika, na kwamba hatadai kitu kingine popote. Baba Mapasa aliweka dole gumba la kushoto, akachukua pesa, akalipa kodi ya nyumba.

Mambo yangeishia hapo kama si baba yake.

Muzee huyo alifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, hadi mpango wa kuondoka kwa hiari ulipoanza mwaka 2003, ule uliowatoa zaidi ya watu 10,000 kazini. Watoto wa Lubumbashi wa umri wangu wanajua maana ya kukulia katika kambi ya kampuni: posho ya unga, hospitali, shule, namba ya baba iliyoandikwa hadi kwenye bakuli. Muzee karatasi zake zote bado anazo kwenye bati la biskuti. Alimuuliza mwanawe swali moja: "Namba yako ya INSS ni ipi?" INSS ni jina la zamani la CNSS. Kijana hakuelewa swali. Basi wakaja ofisini kwangu wote wawili, muzee mbele, kijana nyuma na mkono wake kwenye kitambaa.

"Jambo yenu, ba papa," muzee akanisalimu. "Iko jina ya mutoto mu karatasi yenu?"

Nilifungua kompyuta kana kwamba natafuta. Jibu nilikuwa nalo kabla hajaketi.

*

Kwanza niondoe mkanganyiko wa bima, maana ndio uliotupotezea wiki nzima. Nilipompigia patroni simu, alijibu kwa ujasiri: "Mimi niko na assurance. Kuja uone." Kweli alikuwa nayo. Alinionyesha bima ya malori yake mawili na bima ya moto ya ghala, zote zimelipwa. Hakuna hata moja inayogusa kidole cha mtu aliyeko kazini. Bima ya gari inamwangalia aliyegongwa na gari. Ya moto inaangalia mali.

Katika Kongo, ajali ya kazi haiko katika soko la bima hizo. Sheria ya bima ya Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi baada ya miaka mingi ya SONAS, kampuni ya bima ya serikali, kuwa peke yake, na leo mwajiri anaweza kununua bima ya nyongeza kwa watu wake akitaka. Lakini kinga ya msingi ni ya lazima na iko mahali pamoja: mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, CNSS, uliorithi INSS ya mwaka 1961. Wazee bado wanaita INSS, na ukisema CNSS sokoni wengine watadhani ni chama cha siasa. Sheria inayoutawala sasa ni namba 16/009 ya Julai 15, 2016. Msomaji wa Dar es Salaam ataufananisha na WCF, ambako mwajiri analipa peke yake katika mfuko wa fidia. Wa Nairobi atakumbuka WIBA ya 2007, ambako mwajiri anakwenda kwa kampuni ya bima. Kwetu jambo hili limefungwa furushi moja na pensheni na posho za watoto, na furushi hilo ndilo kiini cha kisa chenyewe, kama nitakavyoonyesha.

Je, ilikuwa ajali ya kazi? Patroni alikuwa na neno lake, na kapita alilirudia mara nyingi hata likawa kama wimbo: "Ni ye mwenyewe alitia mukono mu mashini." Ni kweli, mkono aliutia mwenyewe. Ila mfumo huu hauulizi nani mzembe. Unauliza kama mtu aliumia kwa sababu ya kazi au akiwa kazini. Akiwa amejiumiza kwa makusudi, hapo anapoteza haki. Uzembe, usingizi, haraka, hata ujinga, havimtoi. Hata aliyeumia njiani kati ya nyumbani na kazini, mradi hakukatisha wala kugeuza safari kwa shughuli zake binafsi, anahesabiwa. Baba Mapasa alikuwa ndani ya kiwanda, saa za zamu, akifanya alichoagizwa na kapita. Sehemu hii ya kisa haina mjadala, na kwa kweli hata wakili wa patroni baadaye hakuigusa.

Aligusa nyingine. "Ye ni jurnalie tu. Hii mambo ni ya ba-engagé." Yaani, haya ni ya walioajiriwa rasmi. Hilo ndilo neno utakalosikia Kampemba, Ruashi, Kenya (mtaa wa hapa mjini, si nchi), kila mahali kwenye geti lenye watu wanaosubiri kuchaguliwa asubuhi. Watu wengi, hata wenye elimu, wanaamini kwamba mtu wa kutwa hana haki mpaka apewe karatasi.

Kuna mambo mawili hapa, na yanachanganywa. La kwanza ni kinga ya ajali yenyewe. Sheria ya hifadhi ya jamii inamchukua kila anayefanya kazi chini ya sheria ya kazi na haiangalii sura ya mkataba wake. Aliyeajiriwa leo asubuhi akaumia leo mchana yumo. La pili ni kama kazi yake ni ya kudumu, na hapa sheria ya kazi ya Oktoba 2002 ina kipimo ambacho ningependa kibandikwe kwenye kila geti: mtu wa kutwa aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Na mkataba usipoandikwa, sheria inadhani ni wa aina hiyohiyo mpaka mwajiri athibitishe vingine. Baba Mapasa alizipita siku 22 kabla Februari yake ya kwanza haijaisha.

Kuthibitisha hakukuwa na taabu. Muzee alidhani tutahitaji mashahidi, akawa ameshaandaa wanne. Simu ya kijana ilitosha: ujumbe wa malipo wa kila Jumamosi, kutoka namba ileile, kiasi kilekile, wiki baada ya wiki. Kulikuwa pia na daftari la kapita lenye alama za waliofika, ambalo patroni mwenyewe alilitumia kukata pesa za waliochelewa. Huwezi kumkata mtu kwa kuchelewa kisha ukasema humjui.

*

Sasa pesa. Hapa ndipo nilipokaa na patroni jioni moja, kikokotoo katikati yetu, na nadhani ndipo kisa kilipogeuka.

Michango ya CNSS, kwa viwango vilivyowekwa Novemba 2018, ni asilimia 18 ya mshahara. Kumi ni za pensheni, nusu kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi. Sita na nusu ni za posho za familia, zote juu ya mwajiri. Moja na nusu ni ya ajali na magonjwa ya kazi, nayo yote ni ya mwajiri; mfanyakazi hatoi hata franga moja kwa ajili yake. Jumla, mwajiri anatoa 13, mfanyakazi anakatwa 5.

Mshahara wa Baba Mapasa kwa siku 26 za mwezi ulikuwa franga 260,000. Asilimia moja na nusu yake ni franga 3,900. Kwa miezi kumi na minne ni 54,600, ambayo kwa bei ya dola ya wakati ule haikufika dola 20. Nilimwonyesha patroni namba hiyo. Aliitazama kwa muda, akauliza, "Ni hii tu?"

Si hii tu, na ningekuwa mwongo kumwacha aamini hivyo. Huwezi kwenda pale dirishani ukasema nataka kipande cha ajali peke yake. Ukimwandika mtu, unamwandika kwa furushi lote: franga 33,800 kwa mwezi kutoka kwako, 13,000 kutoka kwake, kisha INPP na ONEM juu yake, kisha kodi inaanza kumwona. Zidisha kwa watu ishirini na watano ambao hawakuwa kwenye orodha. Mwajiri anayekwepa si kwamba anaikwepa ile moja na nusu. Anakimbia furushi, na kinga ya ajali inabaki ndani ya furushi alilolikimbia. Nimeandika fomu hizi kwa miaka mingi, na sijakutana na patroni aliyekaa akasema wazi, "Sitaki watu wangu walindwe mashine ikiwakata." Kila mmoja anasema, "Nitawaandika biashara ikitulia."

Wafanyakazi nao wana sehemu yao. Mwaka 2023 kapita aliwahi kuwauliza vijana wa zamu ya usiku kama wanataka kudeklarewa. Walipoelezwa kwamba watakatwa franga 500 kwa kila siku ya 10,000, walikataa karibu wote, Baba Mapasa akiwemo. Alinieleza hili bila aibu: mia tano ni sabuni na kiberiti. Hakuna aliyewaambia kwamba ile mia tano ni ya uzee, na kwamba mkono wao ulikuwa unakatiwa kinga kwa pesa ya patroni. Na kwa vyovyote, haikuwa swali la kuwauliza. Kumwandika mfanyakazi ni lazima kwa mwajiri, akubali asikubali. Patroni alijitetea pia kwamba analipa zaidi ya kiwango cha chini, ambacho wakati ule kilikuwa franga 7,075 kwa siku. Kweli, alilipa zaidi. Haikusaidia hapa.

*

Kuna sehemu ya kisa ambayo CNSS haiulizi lakini mimi iliniuma kuliko zote, nayo ni ile swichi.

Mota kubwa ya kinu kwa kawaida inawashwa kupitia kontakta. Ndani yake kuna koili inayoshika mradi umeme upo. Umeme ukikatika koili inaachia, na umeme ukirudi mashine inabaki imelala mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani kwa kidole chake. Kinu cha pili kilikuwa nayo. Koili iliungua, fundi akasema nyingine ni dola 45, na kwa kuwa shehena ilikuwa inasubiri akaunganisha nyaya moja kwa moja kwenye swichi ya mkono. "Kwa leo tu," alisema. Siku hiyo iliendelea karibu miaka miwili. Katika mji ambao umeme unaondoka na kurudi bila kubisha hodi, mashine iliyounganishwa hivyo inajiwasha peke yake wakati watu wameshaizoea kuwa maiti.

Kisheria, jambo hilo linafungua mlango mwingine. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, cha tangu 1888, kina kifungu cha 258 kinachosema kwa ufupi kwamba anayemdhuru mwingine kwa kosa lake lazima alipe. CNSS hailipi maumivu, wala aibu ya kulishwa bukari (ugali) na mke mbele ya watoto. Inalipa matibabu, sehemu ya mshahara uliopotea, na pensheni au fidia ya ulemavu. Anayetaka zaidi ya hapo lazima athibitishe kosa. Wakili wa patroni alipoona picha ya ile swichi, iliyopigwa na rafiki wa Baba Mapasa kesho yake kabla fundi hajaiondoa, alimwambia mteja wake kitu kwa sauti ya chini, kwa Kifaransa. Kuanzia hapo mazungumzo yakalainika.

*

Njia tuliyopita ni ya kawaida. Kesi ya kazi haipokelewi mahakamani kabla haijapita kwa inspekta wa kazi kwa upatanisho, kwa hiyo tulianza huko. Kikao cha kwanza patroni alimtuma kapita, ambaye hana mamlaka hata ya kuahidi soda, kikaahirishwa. Cha pili alikuja na wakili, na wakili aliweka mezani ile karatasi ya dola 300 yenye dole gumba.

Nilitegemea mapigano juu ya karatasi hiyo. Hayakutokea. Inspekta aliisoma, akauliza mfuko wa taifa ulitia saini wapi. Haukuwepo. Haki ya mtu kwa CNSS si mali ya mwajiri hata ainunue kwa karatasi ya faragha, tena kwa mtu aliyetoka kwenye kitanda cha hospitali wiki ya tatu. Dola 300 zilihesabiwa kuwa sehemu ya kile patroni alichotakiwa kulipa kwa miezi ya kukaa nyumbani, basi.

Maana hapa ndipo patroni alipokuwa na kosa jingine dogo la fikra. Aliona kwamba mtu asiyefanya kazi halipwi, na alikuwa ameshachukua kijana mwingine mahali pake. Sheria ya kazi inasema mkataba wa aliyeumia umesimama, haujafa, na kwa muda huo anastahili theluthi mbili ya mshahara wake. Kwa Baba Mapasa ni kama franga 6,667 kwa siku. Na ile ruhusa ya mwajiri kuvunja mkataba baada ya miezi sita mfululizo ya ugonjwa haimhusu aliyeumizwa na kazi yenyewe. Kijana mpya anaweza kubaki, hakuna anayemzuia patroni kuajiri, lakini nafasi ya Baba Mapasa haikuwa wazi.

Kikao cha tatu walitia saini. Patroni anamdeklare Baba Mapasa kwa miezi yote kumi na minne pamoja na nyongeza ya kuchelewa, anapeleka tangazo la ajali CNSS na nakala kwa inspekta, analipa theluthi mbili tangu usiku wa ajali, na zile dola 640 za hospitali hazidaiwi mtu. Wakili alimwonya mteja wake mbele yetu kwamba kuandika mtu baada ya ajali hakumsafishi. Mfuko ukilipa, unaweza kumgeukia yeye. Patroni alifuta jasho, akasema basi waandikwe wote. Thelathini na mmoja. Nilifungua daftari langu palepale kabla hajabadili mawazo.

Kitu kimoja kilitugharimu, nacho ni wakati. Tangazo la ajali linatakiwa kutolewa mara moja, kidonda kikiwa bado kibichi. Letu lilikuja baada ya wiki tisa. Karatasi ya kwanza ya daktari, ile inayosema mtu aliingia saa ngapi na jeraha gani, ilikuwa imebaki katika faili la hospitali, na ilibidi muzee aende mara nne kuidai. Ningekuwa na la kumwambia mfanyakazi yeyote wa kiwanda, ningemwambia kuhusu karatasi hiyo: usitoke hospitali bila nakala yake, hata kama patroni ndiye anayelipa. Hasa kama patroni ndiye anayelipa, kwa sababu bili na karatasi vitaondoka naye.

*

Kinachosubiriwa sasa ni kipimo. Jeraha likishapona na daktari akasema halitabadilika tena, daktari wa mfuko anapima ulemavu kwa asilimia. Mpaka wa tangu sheria ya 1961 ni 15: chini yake mtu anapewa fidia mara moja, kuanzia hapo anapata pensheni inayolingana na kiasi cha ulemavu. Vidole viwili na ncha ya cha tatu, mkono wa kulia, mtu wa kazi ya mikono: daktari aliyemtibu anaamini atauvuka mpaka. Muzee tayari anazungumza kama umeshavukwa. Mimi nasubiri muhuri. Hata hivyo pensheni inayohesabiwa juu ya franga 260,000 haitamfanya mtu tajiri, na nimemwambia hivyo Mama Mapasa, ambaye ndiye pekee katika familia aliyeuliza kiasi.

Tukiwa tunajaza fomu, tuligundua jingine. Kwa kuwa sasa ameandikwa, mapacha nao wanaingia katika posho za familia, ile asilimia sita na nusu. Wanahitaji vyeti vya kuzaliwa. Hawakuandikishwa ndani ya siku 90 zinazotakiwa, kwa hiyo lazima hukumu ya mahakama kwanza, ndipo cheti. Muzee ameshaanza safari hiyo. Bati la biskuti limepata karatasi mpya.

Wiki iliyopita Baba Mapasa alikuja ofisini kutia saini. Kwetu kitambulisho ni kadi ya mpiga kura, na saini iliyo kwenye kadi yake ni ya mkono wa kulia, ndefu, yenye mkia. Alijaribu kwa kushoto. Ilitoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza, na mama wa dirishani alikwisha kuniambia kwamba saini zisizofanana zinarudisha faili. Tuliamua kutumia dole gumba, na chini yake nikaandika kwa nini. Aliuliza kama dole gumba la kulia bado linaruhusiwa, maana hilo lilibaki. Nikamsogezea wino.